Mguu Uliovunjwa Baghdad

Shalchiya, Baghdad
20 Aprili 1966

Kwa Sajini Shibli Mufadhi, mjini Salt, Jordan

Ndugu Shibli,

Amani iwe juu yako na juu ya wote wanaokaa karibu na kitanda chako. Huenda jina langu hulijui, lakini namba yangu utaikumbuka. Mimi ni Shakir Lafta, beki namba tatu wa Iraki, niliyekuvunja mguu katika Kombe la Waarabu, kipindi cha pili kilipokuwa ndiyo kwanza kimeanza.

Nilikuja hospitali mara mbili. Mara ya kwanza mtu wa msafara wenu alinisukuma kifuani akaniambia nimefanya ya kutosha. Mara ya pili kitanda kilikuwa kitupu, umesharudishwa kwenu. Ningeandika mapema zaidi, ila siku tatu baada ya fainali rais wetu alikufa kwa ajali ya helikopta, nchi ikaingia msibani na magari ya jangwani yakasimama. Barua hii anakuletea dereva anayepita Amman.

Nataka nikueleze nilivyoona mimi. Ulipokea mpira upande wa kulia, ukamwacha kiungo wetu, ukaja kwangu. Niliteleza kuufuata mpira. Wewe ulikuwa umeshausogeza mbele, na mguu wangu ukakutana na ugoko wako. Nimefanya kazi miaka tisa katika karakana ya reli na nimesikia vyuma vya kila namna vikikatika, lakini mlio ule sijausikia popote. Ulikuwa mkavu. Kipa wetu, aliyekuwa mbali, anasema naye aliusikia. Kisha nikauona mfupa umetokeza nje ya soksi, mweupe, na wewe unautazama kama wa mtu mwingine, kabla hujaanza kupiga kelele.

Refa alinitoa nje. Nilipopita mbele ya jukwaa, watu walinishangilia. Nilitamani wangenizomea.

Nakuapia kwamba niliufuata mpira. Ni ajali ya uwanjani.

Mama yangu amekufungia kikapu cha tende. Ukitaka kunijibu, andika kwa karakana ya reli, Shalchiya. Kila mtu ananijua, na nyumba yetu ni ya tatu baada ya bomba la maji.

Mungu akuponye.

Shakir Lafta


Salt
15 Mei 1966

Shakir Lafta,

Barua imefika na tende zimefika. Tende wamekula mbuzi wa jirani.

Mguu unaoniombea upone haupo. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na uchafu ukaingia kwenye jeraha. Siku ya tano nikaanza kunusa harufu, nikamuuliza dada yangu Wadha ni mnyama gani amekufia chini ya kitanda. Alitoka nje akalia, ndipo nikajua ni mimi. Waliukata juu ya goti tarehe 26 Aprili. Dawa ya usingizi iliniishia kabla msumeno haujamaliza, na wanaume wanne wakanikalia kifuani na mabegani. Ninakuandikia hivi kwa sababu umenieleza mlio wa mfupa wangu kama vile mimi sikuwapo. Basi na huu wa msumeno uujue.

Sasa tuje kwenye kiapo chako. Mimi ni winga. Kazi ya winga ni kumtazama beki machoni kabla ya kumpita, kwa sababu macho ndiyo yanayosema atakwenda wapi. Kipindi cha kwanza nilikupita mara nne. Mara zote ulicheza kiungwana, na mara mbili ulinipa mkono kuninyanyua. Ulinitania hata, ukasema, "Pole pole basi, mama yangu yuko jukwaani." Tukacheka wote wawili. Kipindi cha pili ulirudi mtu mwingine. Nilipokuja na mpira hukuutazama. Ulitazama goti langu, kama fundi anayetafuta mahali pa kupiga nyundo.

Kati ya mtu yule wa kwanza na huyu wa pili kulikuwa na dakika kumi na tano za mapumziko. Kitu gani kilitokea humo? Nani alikwambia nini?

Nina kaka, anaitwa Hatmal. Ni dereva wa lori katika njia hiyohiyo ya Amman na Baghdad, na ndiye aliyenilea tangu baba yetu afe. Ameisoma barua yako yote, mpaka lile bomba la maji. Aliikunja akaiweka mfukoni.

Jibu swali langu, au usiniandikie tena.

Shibli Mufadhi


Shalchiya, Baghdad
2 Juni 1966

Ndugu Shibli,

Niliisoma barua yako nikiwa karakana, nikashindwa kushika chombo siku nzima. Sikujua habari ya mguu. Hapa hakuna aliyetuambia.

Unauliza nani aliniambia nini. Hakuna. Mapumzikoni tulikunywa maji, tukafunga kamba za viatu, tukarudi. Uliyoyaona machoni mwangu ni hofu ya beki aliyepitwa mara nne mbele ya mji wake. Siwezi kukupa jibu jingine kwa sababu sina.

Nimeacha timu ya taifa. Nimewarudishia jezi na viatu. Mtaani wananiita Mchinjaji, na wanaliita kwa sifa. Nikikaa mkahawani mtu huniagizia chai, kisha huwaambia wenzake wanitazame mguu wa kulia. Kinyozi alikataa kunitoza. Juzi watoto wa jirani walikuwa wakicheza, na mmoja alipomkwatua mwenzake akapiga kelele kwamba yeye ndiye Shakir.

Kuhusu kaka yako, kama anataka kuja, mwambie natoka kazini saa tisa alasiri, kila siku isipokuwa Ijumaa. Sijifichi.

Shakir Lafta


Salt
9 Julai 1966

Shakir,

Nakutumia barua hii kwa mkono wa dereva wa gari dogo anayekwenda haraka. Isome umesimama.

Hatmal ameondoka juzi Alhamisi na lori la saruji. Amechukua jambia la marehemu baba. Nilikuwa nimelala, niliamka nikakuta ukuta mtupu pale lilipokuwa likining'inia. Anakuja kwako.

Usilale nyumbani. Usitoke kwa lango kubwa la karakana. Nenda kwa ndugu zako wa mbali ukae huko mpaka nimpate.

Usidhani nimekupenda. Nimekataa tu kaka yangu anyongwe Baghdad kwa ajili ya beki.

Shibli


Salt
30 Julai 1966

Shakir,

Wiki tatu sasa, na hakuna neno. Wadha anakwenda kila siku kituo cha malori kuuliza. Dereva mmoja amemwambia ameliona lori la Hatmal limesimama kando ya barabara karibu na karakana yenu, matairi yamekatwakatwa na kioo kimevunjwa. Mwingine akasema ameambiwa kuna mtu aliuawa hapo langoni, hakujua ni nani.

Kama umemuua wewe, niambie. Kama amekuua, basi nina barua mkononi isiyo na wa kuisoma. Mtu yeyote wa nyumba hiyo anayejua kusoma, tafadhali aniandikie kama Hatmal Mufadhi yu hai.

Shibli Mufadhi


Shalchiya, Baghdad
14 Agosti 1966

Shibli,

Kaka yako yu hai. Baba yangu amekufa.

Kaka yako alifika Jumatano ya tarehe 13 Julai. Lori lilimharibikia jangwani, upande wa Rutba, barua yako ikampita njiani. Ndiyo, niliipata. Niliipata Jumatatu, nikaisoma nimesimama kama ulivyosema, kisha nikaitia katika jiko la muuza chai wa karakana. Sikumwambia mtu. Baba, naye mfanyakazi wa karakana hiyohiyo, aliniona nikiichoma. Yeye hakujua kusoma, na hakuniuliza ni ya nani. Lakini tangu siku ile akawa ananingoja tutoke pamoja, mzee Lafta ambaye miaka yote alitembea peke yake kwa sababu goti lake bovu linamchelewesha na hapendi kusubiriwa.

Saa tisa tulitoka. Kaka yako alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta anakula tikiti. Aliinuka, akalifuta jambia kwenye paja, akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe ndiye Shakir Lafta?"

Nikamwambia ndiye. Nilikuwa na nafasi ya kukimbia. Lango lilikuwa nyuma yangu wazi. Nilisimama.

Alipoinua mkono, baba akapita mbele yangu akalishika jambia kwa kiganja kitupu, upande wa makali. Vidole viwili vilianguka. Kaka yako akalivuta, akachoma tena, likazama chini ya mbavu mpaka kwenye mpini. Baba hakupiga kelele. Alisema, "Ah," kama mtu aliyekumbuka amesahau kitu nyumbani, akaketi chini.

Wenzetu wakatoka na nondo na spana. Wamemvunja kaka yako taya na mkono wa kulia, na jicho la kushoto limekwisha. Nami nilipiga. Nilichukua spana kubwa ya magurudumu, nikampiga akiwa ameshalala chini, na nikaendelea. Walionishika mikono wanasema nilikuwa nikicheka. Mimi sikumbuki kucheka.

Baba aliishi siku tatu. Tumemzika Najaf.

Baba zangu wadogo wamekuja kutoka Amara. Mkubwa wao, Dakhil, amesema mambo mawili. Kwanza, kaka yako anyongwe. Pili, ukoo wenu utoe msichana aolewe kwetu bila mahari, kama damu inavyolipwa kwao huko kwenye vinamasi vya Amara. Wamesikia una dada. Hakimu naye atauliza kama wafiwa wanasamehe, na saini inayotakiwa ni yangu, mtoto wa kiume wa pekee.

Sitasaini. Uliniuliza kama nimemuua kaka yako. Natamani ningekujibu ndiyo.

Shakir


Salt
28 Agosti 1966

Shakir,

Mungu amrehemu mzee Lafta. Nimeanza na hilo kwa sababu ni la haki, ingawa unajua nina haja.

Mama yetu hajui chochote. Tumemwambia Hatmal amefungwa kwa kuvusha sigara mpakani. Kila asubuhi anamtukana, na sisi tunamwacha, maana mtu anayetukanwa na mama yake bado yu hai.

Wadha aliipata barua yako kabla sijaificha. Alisoma pale panapomhusu akaniambia, "Kama mimi ndiyo njia ya kumtoa kitanzini, waandikie nitakuja." Alisema hivyo huku akinifunga bandeji, hata hakuinua kichwa. Nilimpiga kofi, Shakir. Sijawahi kumpiga tangu azaliwe. Mwambie baba yako mdogo kwamba Wadha haji. Nina mguu mmoja uliobaki, na huo waje wauchukue.

Nimeisoma habari ya langoni mara nyingi. Mtu mwenye jambia anakuuliza jina, nawe unampa. Njia ya kukimbia ipo, nawe unasimama. Na mzee wa goti bovu anapita mbele na kushika makali kwa kiganja kitupu. Mimi ni askari. Nimewaona watu wakiwakinga watoto wao. Humsukuma mtoto kando, huinua mikono, hupiga kelele kuomba msaada. Baba yako alikwenda moja kwa moja, kama aliyesikia jina lake likiitwa.

Saini yako ni yako. Lakini kabla kaka yangu hajanyongwa, nijibu nilichokuuliza mwezi wa tano. Kitu gani kilitokea mapumzikoni?

Shibli


Shalchiya, Baghdad
20 Septemba 1966

Ndugu Shibli,

Ni baba.

Alikuwa amesimama nyuma ya uzio, karibu na mahali tulipokuwa tukinywa maji. Aliwahi kucheza timu ya reli ujanani, mpaka winga mmoja alipomvunja goti na hakuna aliyemwomba radhi. Miaka yote alinifundisha mpira kwa fimbo. Alinipiga kwa pasi mbovu, akanipiga kwa kupoteza mechi, na mara moja alinipiga kwa kumsaidia mpinzani kuinuka. Siku ile alikuwa ameniona nikikupa mkono.

Aliniita kwa kidole. Nilipofika alinishika shingo kupitia kwenye uzio, akanivuta mpaka paji langu likagusa chuma. Akasema, "Yule wa kulia akija tena, asitoke kwa miguu yake. Ukishindwa usirudi kwangu."

Nikasema, "Sawa, baba."

Ndiyo hayo. Hapakuwa na zaidi. Nilirudi uwanjani nikangoja uje. Ulipokuja nilichagua mahali, nikateleza na soli ya kiatu mbele, na nilijua. Nilikuapia uongo kwa sababu alikuwa baba yangu, wakati ule yu hai bado, na tulikuwa tukila sahani moja.

Siku ya pili hospitalini alipata nguvu ya kusema. Aliniomba niwatoe watu chumbani. Akaniuliza kama yule wa Jordan amekufa. Nikamwambia bado. Akasema, "Mwache. Hili nimelitafuta mwenyewe." Akafumba macho, nikadhani amelala, kisha akasema, "Na yule kijana wa mguu mwambie ni mimi." Nilikataa kukwambia. Nilitaka mtu anyongwe, Shibli. Mtu yeyote anyongwe, ili niweze kulala.

Barua yako ilipofika niliwaita baba zangu wadogo sebuleni nikawaeleza yote. Nilisema kwamba marehemu alianzisha kwa mdomo wake, nami nikamaliza kwa mguu wangu, kwa hiyo hatuna cha kudai, si msichana wala shingo. Baba mdogo Dakhil alisema ninamtukana maiti. Alivua ile kamba nyeusi ya kichwani akaanza kunipiga nayo usoni, na wengine wakanishika. Walinipiga mpaka mama alipoingia akamwaga maji ya moto yaliyokuwa ya chai, akiwalenga wao, na mengine yakanipata mimi. Nimepoteza meno mawili. Wamerudi Amara na wamesema wao hawana tena kaka wala mtoto wa kaka Baghdad.

Jana nilikwenda kwa hakimu nikasaini. Kaka yako hatanyongwa. Kifungo kipo, hicho hakimu hawezi kukifuta.

Kama watu wenu watataka kuja kuomba suluhu kama ilivyo desturi, waje. Hema nitalisimamisha mimi. Ila ujue hatakuwapo mzee wa kuwapokea, nitakuwa peke yangu.

Shakir


Salt
10 Desemba 1966

Ndugu Shakir,

Tumefika nyumbani salama kutoka Baghdad, sote kumi na wawili. Wazee wetu hawaishi kukusifu. Wanasema hawajapata kuona hema lenye watu kumi na wawili upande wa wageni na mtu mmoja upande wa wenyeji. Wadha alinisubiri barabarani, nikamwambia yamekwisha.

Hayajakwisha. Nilipokaa mbele yako, gongo langu chini na kile kikombe cha kahawa kimewekwa mbele yangu nisikiguse mpaka useme umesamehe, nilikuwa na neno mdomoni. Nilijiambia nitalisema kwanza, ndipo ukubali au ukatae. Kisha ukasema, "Kunyweni kahawa yenu," nasi tukanywa, na wazee wakaanza kukukumbatia. Nilikunywa nikiwa mwongo.

Hatmal hakuchukua jambia nikiwa nimelala.

Barua yako ya mwezi wa sita, ile uliyosema unatoka kazini saa tisa na hujifichi, mimi niliielewa kwamba unanicheka. Leo najua ulikuwa unamngoja mtu aje akumalize. Wakati ule sikujua. Nilimsomea Hatmal sentensi ile kwa sauti, mara mbili. Yeye alikuwa akila. Akasema, "Mguu hauoti tena, Shibli. Mwache na Mungu wake." Alikuwa amekwisha kuisahau barua yako mfukoni, ilifuliwa pamoja na shati.

Mimi ndiye niliyemwambia kwamba kama baba angekuwa hai nisingemwomba yeye. Nilimwita mwanamke mbele ya Wadha. Nililiangua jambia ukutani kwa gongo, nikaliweka mapajani mwake, juu ya mkate. Alikaa nalo siku mbili. Alhamisi akaondoka. Aliponiaga alinibusu kichwani, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

Jumamosi nikaingiwa na hofu, ndipo nikakuandikia ile barua ya kukuonya, nikajifanya mtu mwema.

Mahakamani, katika safari hiyohiyo, walimuuliza nani alimtuma. Akasema kwa lile taya lake lililounganishwa vibaya, "Nilikwenda mwenyewe." Amepewa miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikanyamaza.

Barua hii ina jina langu na saini yangu. Ipeleke polisi ukitaka. Sitakimbia, na hata nikikimbia sitafika mbali.

Shibli Mufadhi


Shalchiya, Baghdad
16 Januari 1967

Ndugu Shibli,

Barua yako niliipata katikati ya Ramadhani. Sikuipeleka polisi. Nilikaa nayo siku nne, kisha nikamsomea mama.

Lazima nikwambie jambo ambalo hukuliona ulipokuja. Mama alikuwa nyuma ya pazia muda wote, na mlipoondoka aliniambia, "Wewe umesamehe. Mimi sijaulizwa." Tangu siku ile alikuwa akinipakulia chakula na kuniachia mezani, hakai nami. Jina la kaka yako halitajwi nyumbani. Nilikuwa nikimpelekea mikate gerezani kila mwezi kwa sababu hana mtu mwingine mji huu, na ilinibidi nimwambie mama nakwenda mazoezi ya timu ya reli.

Nilipomaliza kusoma akauliza, "Kwa hiyo na huyo naye alitumwa." Nikamwambia ndiyo. Akaenda kulala.

Idi pili wanaruhusu wageni gerezani. Alfajiri nikamkuta jikoni anapika bamia na nyama ya kondoo, sufuria kubwa, ile ya wageni. Akaniambia nivae viatu.

Walimleta kaka yako uani, palipokuwa na familia nyingi zimekaa chini. Amekonda. Jicho limeshonwa. Alipomwona mama alijua ni nani, sijui kwa vipi, akataka kupiga magoti, na mama akamwambia asimame. Alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, kisha akamuuliza ana umri gani.

"Thelathini na tisa, mama yangu."

"Mtu wa miaka thelathini na tisa anatumwa?"

Akampiga kofi. Kaka yako hakukwepa. Akampiga tena, kwa mkono huu na kwa mkono ule, usoni, kwenye lile taya, mpaka pete yake ikamchana mdomo na damu ikamwagika kwenye nguo za jela. Askari mmoja alisogea, mwenzake akamshika bega. Familia zote uani ziligeuka kutazama, hata watoto. Alimpiga mpaka akaishiwa pumzi na kilemba kikamdondoka, na mimi ndiye niliyekiokota. Kaka yako alikuwa amesimama vilevile, mikono chini, analia kwa jicho moja.

Ndipo mama akaketi sakafuni, akafunua sufuria. Akamwambia ale. Hakuweza kutafuna vizuri, kwa hiyo mama akawa anamchambulia nyama, anatoa mfupa, anamsogezea. Alikaa naye mpaka ikaisha. Mwishoni mama alimuuliza kama mama yake anajua. Akasema hajui. Mama akasema mtu amwambie, kwa sababu mwanamke ana haki ya kujua anachokililia. Nimekufikishia hilo kama lilivyo, ufanye unavyoona.

Tulitoka. Nilikuwa nimembebea kilemba, naye amebeba sufuria tupu, na tulitembea mpaka mtoni. Pale darajani akasimama. Akaniuliza, pasipo hasira, kama anayeuliza bei ya kitu sokoni, "Na wewe siku ile ya mechi ulikuwa na miaka mingapi?"

Nikamwambia ishirini na sita.

Nilisimama nikangoja. Niliweka mikono chini kama nilivyomwona kaka yako amefanya. Mama alinitazama kwa muda mrefu, watu wakitupita na nguo zao mpya za Idi. Hakunipiga. Alinipa sufuria niibebe, akatangulia.

Ndugu yako,
Shakir Lafta